Jinsi ya Kupima Athari ya Msongo wa Ghafla kwa Testosteroni ya Ndege wa Porini

Anayetaka kujua msongo wa ghafla unavyoiathiri testosteroni, yaani homoni ya kiume, ya ndege dume wa porini hana budi kukubali kwanza kwamba kule kumnasa ndege ndiko msongo wenyewe. Mara ndege anaposhikwa na wavu, hipothalamasi, sehemu ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huzichochea tezi za adrenali, zilizo karibu na figo, kumwaga kortikosteroni, homoni ya msongo, katika damu. Kwa upande mwingine, katika spishi nyingi zilizochunguzwa majira ya kuzaliana, testosteroni itokayo kwenye korodani hushuka, na nusu saa hutosha kuuonyesha mshuko huo. Si spishi zote zilizo hivyo, na ndiyo maana kipimo chenyewe kinastahili uangalifu mkubwa.

Tega wavu mwembamba mahali unapoweza kuuona muda wote, kisha uwashe saa pale ndege anapougonga, wala si pale unapomfikia. Sampuli ya kwanza ichukuliwe ndani ya dakika 3, kwa kuwa baada ya hapo kortikosteroni huwa imekwisha kuanza kupanda na damu uliyoitoa haiwezi tena kuitwa ya kawaida. Ndege aliyening'inia wavuni bila kuonekana apimwe, avishwe pete na aachiliwe, lakini asiingizwe katika hesabu hii. Inauma kumpoteza namna hiyo, hasa asubuhi iliyoleta ndege wawili tu, ila takwimu yenye shaka ni hasara kubwa zaidi.

Jihadhari pia na sauti ya kurekodiwa inayotumika kuwavuta madume. Mwaka 1990 mtafiti wa homoni za ndege John Wingfield na wenzake walitoa nadharia kwamba testosteroni ya dume hupanda anapokabiliwa na mpinzani, na katika baadhi ya spishi jambo hilo limeonekana. Dume aliyepigiwa sauti ya mpinzani kwa muda mrefu anaweza kufika wavuni testosteroni yake ikiwa tayari imepanda, na mshuko utakaouona baadaye ukawa ni kurudi tu kwenye hali yake. Chagua njia moja ya kunasa kwa ndege wote, na ukitumia sauti, andika ilipigwa kwa dakika ngapi.

Ili kutoa damu, mlaze ndege chali kiganjani, fungua bawa, na ulowanishe kidogo kwa pamba yenye spiriti manyoya madogo ya upande wa chini, karibu na kiwiko. Mshipa utajitokeza kama uzi wa rangi ya buluu chini ya ngozi nyembamba. Uchome mara moja kwa sindano nyembamba, uiache damu ijikusanye kama shanga, kisha uiguse kwa mrija mwembamba wa kioo uliopakwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Damu itapanda yenyewe. Bana pamba juu ya mshipa mpaka damu ikome. Damu yote unayoitoa isizidi asilimia 1 ya uzito wa mwili, maana yake takriban mikrolita 200 kwa ndege wa gramu 20.

Baada ya hapo mtie katika mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, kivulini, na utoe sampuli ya pili dakika ya 30. Wengine huongeza ya dakika ya 10 na ya 60, lakini kwa ndege mdogo naona mbili zinatosha. Hifadhi mirija katika barafu, tenganisha plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, kwa mashine ya kuzungushia damu siku hiyohiyo, na uigandishe. Sampuli zote mbili za ndege mmoja zipimwe katika mzunguko mmoja wa maabara.

Ugumu halisi uko kwenye kusoma matokeo. Dume ambaye msimu wake wa kuzaliana umekwisha huwa na testosteroni kidogo mno, kwa hiyo kutoshuka kwake si dalili ya ustahimilivu, bali hakuna kilichobaki cha kushuka. Linganisha basi ndege walio katika hatua moja ya uzazi, walionaswa saa zinazokaribiana. Tenga pia kundi litakalotolewa damu dakika ya 30 peke yake, ili ujue kama ule mchomo wa kwanza umechangia mshuko. Plazma ikibaki, pima homoni ya LH, ambayo ndiyo huzichochea korodani: testosteroni ikishuka ilhali LH imetulia, tafuta chanzo kwenye korodani zenyewe, zikishuka zote mbili, huenda amri imetoka kwenye ubongo.

Mwisho, usitosheke na wastani wa kundi. Chora mstari wa kila ndege kutoka sampuli ya kwanza hadi ya pili, kwa sababu wastani unaoshuka unaweza kumficha dume ambaye mstari wake umepanda, na huyo ndiye wa kurudia kumsoma kwenye daftari la siku ile: alinaswa saa ngapi, kwa njia gani, na alikaa wavuni kwa sekunde ngapi.