Somo: Jinsi ya kuondoa programu za kraki shuleni na chuoni

Habari za leo wakuu. Nahudumia kompyuta za shule hapa Dodoma, na hadithi ni ileile: fundi alikuja na flashi, akapiga Windows na Office za kraki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli la leseni, akachukua hela yake. Antivirusi aliizima siku hiyohiyo, maana ikiwa macho kraki haiingii. Muhula haujaisha, virusi vimeingia na mafolda ya kidato cha nne yote yamegeuka shotikati. Inaniuma, kwa sababu kazi za watoto hazirudi.

Hatua ya 1: Kagua. Pita mashine moja moja na daftari. Andika programu iliyomo, kazi yake, na leseni iko wapi. Kwenye Command Prompt (dirisha la amri la Windows) andika slmgr /xpr. Ikitoa tarehe ya kuisha, isiyozidi siku 180 mbele, na shule haina mkataba wa leseni za pamoja, hapo shuku kraki.

Hatua ya 2: Mbadala kwanza, usifute bado. Ukifuta leo, kesho mhasibu atamwita fundi yuleyule. Badala ya Office weka LibreOffice. Badala ya ArcGIS ya ramani kuna QGIS, badala ya MATLAB ya hesabu kuna Octave, na badala ya SPSS ya takwimu kuna PSPP, JASP au R. Zote hizi ni bure na halali. Chuo chenye barua pepe zake za .ac.tz kiombe pia Microsoft 365 ya elimu. Kikikubaliwa, kuna daraja lisilolipiwa.

Hatua ya 3: Hamisha mafaili, yakague virusi, kisha piga Windows upya kwa leseni. Mashine kuukuu iwekee Linux, mfumo wa bure badala ya Windows.

Hatua ya 4: Akaunti ya mwanafunzi isiwe na ruhusa ya kuingiza programu. Nenosiri la msimamizi abaki nalo mwalimu wa TEHAMA.

Mkuu wa shule akisita, mwonyeshe Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu, msimamizi wangu anataka SPSS tu, na steshenari wananiwekea kwa bei ya chai.
Jibu: Marahaba, binti yangu. Usiweke. Uliza kwanza maabara ya chuo kama ina leseni. Kama haina, PSPP na JASP zinafungua faili la .sav, lile la data za SPSS. Fanya jaribio lilelile, mpelekee majedwali ayaone. Na kwenye sura ya mbinu taja programu uliyotumia kweli.

Swali: Mkuu, mbona LibreOffice inavuruga barua zetu?
Jibu: Mara nyingi ni fonti, yaani aina ya herufi. Liberation Serif ina upana sawa na Times New Roman, itumie. Barua ya kwenda nje ya shule itume kwa PDF.

Swali: Sisi ni shule ya kata, bando ni shida.
Jibu: Pakua LibreOffice mara moja, itie kwenye flashi, zungusha mashine zote. Ukimaliza wape na shule jirani. Leseni yake inaruhusu.