Karatasi ya wanga wa viazi inayotambua klorini

Molekuli kali kama klorini na haidrojeni peroksaidi hazitulii zipimwe. Zikikutana na kitu, hukishambulia. Basi ukitaka kuzitambua, zipe cha kushambulia, na shambulio hilo liache rangi. Nafundisha kemia hapa Mbeya, na hilo nataka wanafunzi walishike kabla ya fomula yoyote.

Mwanakemia Christian Schönbein, aliyegundua gesi ya ozoni kule Basel, Uswisi, aliitambua kwa karatasi yenye wanga na potasiamu iodidi, chumvi yenye iodini. Nasi tunaweza kuitengeneza karatasi hiyo.

Wanga wangu unatoka kwenye viazi mviringo vya Uyole. Kwaruza kiazi kikubwa, changanya na maji, kamua kwa kitambaa safi, kisha acha maji yatulie. Unga mweupe utakaa chini. Ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mgumu, ukiuachia unatiririka. Mwaga maji ya juu, uoshe tena na tena. Usiruke hatua hii: maji ya kiazi yana vitamini C, nayo huirudisha iodini kuwa iodidi na kufuta rangi yote unayoitafuta.

Koroga gramu 1 ya wanga kwenye maji baridi kidogo, mimina ndani ya mililita 100 za maji yanayochemka. Ukipata uji mwepesi, upoze, uyeyushe humo gramu 1 ya potasiamu iodidi kutoka maabara ya shule. Chumvi ya mezani haifai, maana chumvi yetu huwekewa iodeti (iodini iliyoungana na oksijeni), si iodidi. Chovya karatasi ya kuchujia, anika kivulini, hifadhi kwenye chupa nyeusi.

Zimua kijiko cha dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe kwenye lita moja ya maji, dondoshea karatasi. Bluu nzito hutokea papo hapo: klorini imeinyang'anya iodidi elektroni, na iodini iliyopatikana imeingia kwenye misokoto ya wanga. Usitumie dawa isiyozimuliwa. Klorini ikizidi huibadilisha iodini kuwa iodeti na bluu inatoweka. Peroksaidi ya duka la dawa huenda taratibu, mpaka uiongezee tone la siki. Ila siki isikaribie kabisa dawa ya klorini, kwani zikikutana hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Karatasi hii inakwambia kuna kioksidishaji, yaani kitu kinachonyang'anya elektroni, haikutajii jina lake. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya mwanakemia Christopher Chang. Mwaka 2004, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, yeye na wenzake walichapisha kihisi kilichotokana na fluoresini, rangi inayong'aa kijani, wakakifunga kwa boroneti (vikundi vya atomi vyenye boroni) pande mbili kisiweze kung'aa. Katika majaribio yao, haidrojeni peroksaidi ndiyo iliyokata vifungo hivyo vizuri, kuliko molekuli nyingine kali za oksijeni walizozipima, na mwanga ukatokea hata ndani ya seli hai.

Darasani, wape wanafunzi chupa mbili zisizo na lebo, moja ya klorini iliyozimuliwa, nyingine ya peroksaidi, bila siki mezani. Wazitofautishe kwa kuangalia tu bluu inakuja kwa kasi gani.