Somo: Kukagua hali ya bata mzinga bandani bila kumshika hata mmoja

Wafugaji wenzangu, ukifika na ndoo ya chakula, bata mia wanakujia mlangoni na banda zima linaonekana salama. Aliye mgonjwa haji mlangoni. Huyo lazima umfuate.

Njia ninayoitumia iliandaliwa chini ya AWIN, mradi wa kutafuta vipimo vya ustawi wa wanyama, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kati ya 2011 na 2015, kwa mabanda ya maelfu ya bata. Asili yake ni kwa wanaohesabu wanyamapori: unapita mstari mmoja, unahesabu unachokiona kushoto na kulia.

Hatua ya 1. Ligawe banda kwa vichochoro, ukifuata mistari ya vyombo vya chakula na maji. Vya ukutani usiviruke, maana anayedonolewa hukimbilia huko.

Hatua ya 2. Usiingie saa ya kulisha. Simama kidogo watulie, kisha tembea polepole. Usipige makofi wala kuwaswaga.

Hatua ya 3. Tia alama daftarini kwa kila asiyeinuka, anayechechemea, mwenye kidonda kichwani, mgongoni au mkiani, aliyenyonyoka manyoya, aliyechafuka, aliyedumaa, mahututi na mfu.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nikae kidogo. Bata aliyekaa si lazima awe mgonjwa. Msogelee hatua moja. Mzima atanyanyuka na kuondoka. Mwenye tatizo la miguu atajisukuma kwa mbawa, atapiga hatua mbili tatu, kisha atakaa tena huku wenzake wamekwisha kupita. Yule anayebaki nyuma ndiye uliyemfuata.

Hatua ya 4. Chota maranda chini ya vyombo vya maji, yafinye, fungua kiganja. Yakimwagika, vizuri. Yakibaki donge, yamelowa, na maranda yaliyolowa huchoma nyayo hadi zinafanya gamba jeusi katikati. Kisha chuchumaa, kichwa chako kiwe usawa wa vichwa vyao, uvute pumzi. Macho yakiwasha, fungua hewa siku hiyo hiyo. Wao wanaivuta usiku na mchana.

Hatua ya 5. Geuza hesabu iwe asilimia. Ukipita vichochoro vyote vya banda la bata 300 na kukuta 6 wanachechemea, hiyo ni asilimia 2. Wiki ijayo rudia, saa ile ile.

Mahututi asiachwe mpaka kesho. Atibiwe, au mtu anayejua kazi hiyo ammalize haraka bila kumtesa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nina bata 40 tu. Si bora niwashike wote?

Tembea kwanza, ndugu yangu. Ukishaanza kukamata, hutajua tena nani alikuwa anachechemea na nani ameogopa. Ukimaliza, shika kumi uangalie nyayo. Mkumbatie mwili mzima. Usimning'inize kwa bawa moja.

Wangu wanadonoana vichwa mpaka damu. Nimeshauriwa nikate midomo.

Dada, mtoe aliyejeruhiwa sasa hivi, maana damu huwaita wengine. Halafu tazama nafasi, vyombo vya chakula, na miale ya jua inayopenya kwenye matundu ya bati. Waning'inizie kabichi wapate cha kudonoa. Kukata mdomo kunamuumiza ndege, na kinachowafanya wadonoane kinabaki pale pale.

Nafuga pamoja na kuku wa kienyeji. Bata wawili wamezubaa, mbawa zimeshuka, kinyesi ni cha njano.

Ninahofia ugonjwa wa kichwa cheusi. Usisubiri kichwa kiwe cheusi, mara nyingi hakiwi. Vimelea vyake husafiri ndani ya mayai ya minyoo ya kuku, na kuku mwenyewe anaweza kuvibeba akionekana mzima kabisa. Watenganishe leo, mwite daktari wa mifugo, na akifa mmoja aombwe kupasua aangalie ini. Viatu vya banda la kuku visikanyage tena kwa bata.