Kujifunza kuimba Mohanam: usiishie kwenye sauti tano

Kama umewahi kuimba kwaya kwa solfa, ngazi ya Mohanam, mojawapo ya raga (mitindo ya sauti na mwendo wake) za muziki wa India, tayari unayo kooni: do, re, mi, so, la, kisha do ya juu. Kusini mwa India huitwa sa, ri, ga, pa, dha. Fa na ti hazimo kabisa. Kwenye kinanda tafuta vibonye vyeusi vitatu vilivyo pamoja. Hivyo ni sa, ri, ga kutoka kushoto, na viwili vinavyofuata ni pa na dha. Panda na ushuke mpaka sikio lizoee, halafu zima kinanda.

Nasema uzime kwa sababu wengi huishia hapo wakiamini wameshaipata raga. Kaskazini mwa India kuna raga ya Bhupali, yenye sauti hizohizo tano, na bado msikilizaji mzoefu hazichanganyi. Tofauti iko kwenye mwendo, na mwendo huo kibonye hakiwezi kukupa.

Washa tanpura ya kwenye simu, yaani mvumo usiokatika wa nyuzi unaoshikilia sa. Chagua kimo kitakachokufikisha pa ya chini na ga ya juu bila kukaza koo. Mwalimu wangu wa Chennai hakuturuhusu kugusa ri kabla sa yetu haijazama ndani ya tanpura hata isisikike kando, na mimi nakusihi ufanye vivyo hivyo. Sa na pa ziache zimetulia. Ri na dha zitikise: sauti ipande kidogo, irudi, ipande tena, taratibu, taya likiwa limelegea. Mtikiso huo ni gamaka, na ndiyo roho ya Mohanam. Kaa hapo muda mrefu kuliko unavyotamani.

Sasa imba vipande, si ngazi nzima: ga-pa-dha-sa ukipanda, sa-dha-pa-ga-ri ukishuka, ukikawia kidogo kwenye ga.

Wimbo wa kuanzia ni gitamu (wimbo mfupi rahisi) ya Vara Veena, ambayo wanafunzi wengi hufundishwa mapema. Tala yake, yaani mzunguko wa mapigo, ni rupaka, mapigo sita: piga paja, geuza kiganja, piga tena, kisha hesabu kidole kidogo, cha pete, cha kati. Mwanzo wake, paa na saa zikiwa pa na sa zilizovutwa: ga ga, paa, paa, dha pa, saa, saa. Imba kwanza kwa majina ya sauti, kisha kwa maneno. Mkono ukisimama, anza upya.

Ukiimudu kwa kasi tatu, kila moja mara mbili ya iliyotangulia, rudi kwenye vibonye vyeusi. Fanya ga ya Mohanam iwe sa yako mpya, na sauti zilezile zitakupa raga nyingine, Hindolam, yenye huzuni tamu. Anzia pa, utapata Shuddha Saveri. Baada ya hapo omba mwalimu akufundishe varnam (wimbo mrefu wa mazoezi) ya Ninnukori, iliyo katika Mohanam, maana gamaka zake hazijifunzwi kwa maandishi.