Maumivu sugu ya manena na nyonga: namna ya kuyatibu hatua kwa hatua

Natibu kwa mazoezi hapa Mtwara, na wengi wanaonijia na maumivu ya manena wana historia moja. Kijana kaumia kwenye ndondo, kapumzika wiki kadhaa, maumivu yakatulia. Karudi uwanjani, yakaamka siku hiyo hiyo. Kachuliwa kwa mafuta, kanunua diklofenaki dukani, kapumzika tena, na mwaka unakatika. Katika safari yote hiyo hakuna aliyeirudishia misuli nguvu yake. Kupumzika kunatuliza maumivu, lakini msuli uliolala unazidi kudhoofika, na kazi inayousubiri uwanjani haijapungua.

Hatua ya 1: Onyesha kwa kidole kimoja

Lala chali, weka kidole pale panapouma hasa. Mwaka 2014 wataalamu walikutana Doha, Qatar, wakakubaliana kuyapanga maumivu haya kufuatana na mahali yanapotokea, na mpango huo unasaidia hata usipokuwa na mashine yoyote.

Kidole kikishika ile kamba ngumu ya ndani ya paja, pale inapojishika kwenye mfupa, tatizo ni misuli ya ndani ya paja. Wachezaji mpira wengi wako hapa. Kikiangukia katikati, juu kidogo ya sehemu za siri, ni kiungio cha mbele cha nyonga, ambapo mifupa miwili ya kinena inaunganishwa na gegedu. Panapouma mbele unapopandisha goti ni msuli unaokunja nyonga. Panapouma juu ya mkunjo wa paja ukikohoa au ukiinuka kitandani ni ukuta wa chini wa tumbo. Usishangae kidole kikitua sehemu mbili.

Lakini yule anayeshindwa kuonyesha kwa kidole, anashika nyonga nzima kwa kiganja, na kuchuchumaa chooni kunamtesa, huenda ana tatizo kwenye kiungo chenyewe. Apige eksirei kabla ya kuendelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Hakikisha si ugonjwa mwingine

Hapa nakuomba usiharakishe. Ukanda wetu wa pwani una matende na busha, na uzito wa busha unavuta manena mchana kutwa. Ngiri nayo hujitokeza kama uvimbe ukisimama au ukinyanyua gunia la korosho, kisha hupotea ukilala. Vyote viwili hutibiwa kwa upasuaji. Kunywa mizizi hakuzibi tundu la ngiri. Uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi ndani, au wewe unatapika, nenda hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo kwa kijana ambaye korodani imemuuma ghafla: ikiwa imejisokota ina saa chache tu, takriban 6, kabla ya kuharibika.

Mitoki inaashiria kidonda au maambukizi, mara nyingi mguuni au sehemu za siri. Mwenye selimundu anayeumwa nyonga apimwe, kwa sababu damu inaweza kushindwa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Mtoto anayechechemea asikandwe, apelekwe eksirei. Homa, kukonda, mkojo wenye damu, au maumivu yanayokuamsha usiku, yote ni ya daktari: hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara mjini, ya Sokoine kwa wa Lindi, ya Ndanda kwa walio njia ya Masasi.

Hatua ya 3: Pima kwa kubana

Lala chali juu ya mkeka, miguu imenyooka. Mwenzako aweke mkono wake kati ya vifundo vya miguu yako, nawe ubane kwa nguvu zako zote kwa sekunde 5. Yape maumivu alama, 0 hadi 10. Kuanzia 0 hadi 2 uko salama. Kati ya 3 na 5 fanya mazoezi kwa uangalifu, punguza mbio na mashuti. Kuanzia 6 usicheze. Andika alama hiyo kwenye daftari kila wiki, maana ndiyo itakayokuongoza, si hamu ya kurudi uwanjani. Wachezaji wengi wanashangaa sana hapa: mtu anakimbia dakika 90, lakini akiambiwa abane, uso unakunjamana na miguu inaachia.

Hatua ya 4: Wiki mbili za mwanzo

Weka mpira wa miguu kati ya nyayo, miguu imenyooka, bana kwa sekunde 30, legeza, rudia mara 10. Kisha kunja magoti, uweke mpira kati yake, ufanye vile vile. Ongeza mazoezi ya tumbo. Maumivu yasizidi 2, na kesho yake asubuhi usiamke ukiwa umekaza zaidi ya jana.

Mazoezi haya yametoka kwenye utafiti wa Per Hölmich na wenzake wa Denmark, uliochapishwa mwaka 1999. Wanamichezo 68 wenye maumivu sugu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu, jingine lilichuliwa, likanyooshwa misuli na kuwekewa mashine za umeme. Waliorudi michezoni bila maumivu walikuwa 23 upande wa mazoezi, na 4 tu upande wa pili. Ndiyo maana nasisitiza: kuchua peke yake hakutoshi.

Hatua ya 5: Wiki ya tatu na kuendelea

Funga mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye nguzo na kifundo cha mguu, vuta mguu kuelekea ndani, polepole. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Baadaye lala ubavu, mwenzako ashike mguu wako wa juu, nawe unyanyue kiwiliwili kwa nguvu ya misuli ya ndani ya paja la mguu huo wa juu. Ni zoezi gumu, usilikimbilie. Timu za Norway zilizolitumia kama kinga zilipunguza matatizo ya manena kwa asilimia 41.

Mbio nyepesi zianze baada ya wiki 6, kwa mstari ulionyooka. Kugeuka ghafla na kupiga mashuti kuje mwisho, na mchanga mzito wa ufukweni uuache kwanza. Tegemea wiki 8 hadi 12.

Kwa mama mjamzito

Dada, kwako chanzo ni tofauti. Homoni hulegeza maungio ya nyonga, mbele na nyuma, uzito wa mimba huyalemea, na takriban mjamzito mmoja kati ya watano huumwa. Kunja kanga iwe mkanda mpana, ifunge chini ya tumbo kuzunguka nyonga, ibane bila kukata pumzi. Geuka kitandani magoti yakiwa pamoja. Vaa nguo umekaa. Usitanue mapaja kwenye mbuzi ya nazi, mwachie mwingine akune. Ndoo kubwa igawe kwenye vidumu viwili vidogo. Diklofenaki usiiguse, muulize mkunga kuhusu panado.

Baada ya kujifungua maumivu haya kwa kawaida hupungua ndani ya wiki au miezi michache. Yakipita miezi mitatu, au ukishindwa kabisa kunyanyua mguu, njoo upimwe.