Kuchagua Paipu na Mipira ya Mafuta kwa Gari Lililobadilishwa Injini

Mwenye gari anayeng'oa injini ya kabureta na kuweka ya injekta hushughulika sana na pampu, nyaya na kompyuta, na mara nyingi huiacha njia ya mafuta kama ilivyokuwa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kabureta hutosheka na shinikizo lisilozidi nusu ya baa (kipimo cha shinikizo), ilhali injini nyingi za injekta huhitaji baa 3 au zaidi. Isitoshe, badiliko la injini halina budi kuidhinishwa na NTSA, mamlaka ya Kenya ya usafiri na usalama barabarani, na kuingizwa katika rekodi za usajili, kwa hiyo kila kipande utakachofunga kichaguliwe kwa kuzingatia kwamba mkaguzi ataingia chini ya gari akiwa na tochi.

Sehemu ndefu inayopita chini ya bodi iwe ya madini, si ya mpira. Hapa Mombasa adui wa kwanza ni chumvi: paipu ya chuma cha kawaida huanza kuoza chini ya klipu, mahali ambapo mchanga na unyevu wa bahari hukwama bila kuonekana, na rangi iliyopakwa juu huficha tu uozo huo. Mafundi wengi hupenda shaba tupu, ile inayouzwa kwa mafundi wa friji, kwa sababu hupindika kwa mkono. Ikataeni. Mtikisiko wa gari huifanya shaba iwe ngumu hadi ipasuke, aghalabu karibu na kiungio, tena shaba huharakisha kuharibika kwa petroli. Alumini ni nyepesi, lakini ikigusana na klipu ya chuma penye maji ya chumvi huliwa upesi.

Zinabaki mbili za kuaminika. Chuma cha pua (stainless steel) aina ya 316 hustahimili chumvi kuliko aina ya 304, kwa kuwa kina molibdeni, ila ni kigumu kukunja na huhitaji vifaa bora vya kutengenezea ncha. Mchanganyiko wa shaba na nikeli, wenye nikeli kiasi cha asilimia 10, haushiki kutu na hukunjika vizuri. Kwa gari la kawaida la barabarani, mimi ningeuchagua huo bila kusita.

Mpira utumike pale tu ambapo kuna mwendo, yaani baina ya bodi na injini, na uwe mfupi iwezekanavyo. Usiununue kwa unene wala kwa maneno ya muuzaji, bali soma maandishi yaliyochapwa ubavuni. Alama ya SAE J30R7 (SAE ni chama cha wahandisi wa magari kinachoweka viwango) ni ya mipira ya shinikizo dogo, inayofaa kabureta na njia za mvuke wa mafuta. J30R9 ndiyo ya injekta, na mara nyingi ukiikata utaona tabaka jembamba la ndani, tofauti na mpira wa nje, linalozuia mafuta kupenya. Ndani ya tangi, pampu inapozama, hitaji ni J30R10 peke yake, kwa sababu ngozi ya nje ya mipira mingine haikutengenezwa kulowa petroli, nayo huvimba na kulainika. Mpira usio na maandishi urudishe dukani, hata ukiwa mpya, maana mkaguzi hana njia ya kuujua.

Mipira iliyofumwa kwa nyuzi za chuma hupendeza macho, lakini nyuzi hizo huficha nyufa za ndani na husugua kama msumeno chochote zinachokigusa, zikiwemo nyaya za umeme. Ukiitaka, chagua yenye bomba la ndani la Teflon linalopitisha umeme, ili chaji inayotokana na mwendo wa mafuta isilitoboe.

Klipu ziwe za ukingo uliokunjwa, kwani zile zenye matundu hukata mpira, na ncha ya paipu iwe na mvimbo wa kuuzuia mpira kuchomoka. Njia yote ikae mbali na ekzosi na ishikiliwe kila sentimita 30 hadi 45. Kabla ya kufunika chochote, piga picha zinazoonyesha maandishi ya mipira, uzihifadhi pamoja na risiti. Kisha washa pampu bila kuwasha injini, pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungio, na urudie baada ya injini kupata moto na kupoa, kwa kuwa kiungio kilichokauka asubuhi kinaweza kuvuja mchana.