Makala ya sauti kuhusu kocha: panga mazoezi kabla ya mahojiano

Makala yangu ya kwanza ya kocha ilikuwa dakika kumi na mbili za mtu mzima amekaa ofisini akieleza falsafa yake. Nidhamu, kujituma, kumtanguliza Mungu. Maneno yale ungeyaweka kinywani mwa mwalimu mkuu au meneja wa benki na hakuna ambaye angeshtuka. Siku mbili baada ya kurushwa nikapita uwanjani kwake, sina hata kinasa sauti, nikamkuta anamfokea beki mdogo aliyesimama: "Mzee, unasubiri daladala hapo?" Mtoto anacheka huku anakimbia kurudi kwenye nafasi yake. Kumbe kocha mwenyewe alikuwa huku, mimi nilikuwa nimerekodi kiti chake.

Kocha anaishi kwa kusema na watu. Kwa hiyo la kwanza kupanga ni namna ya kumnasa akisema na wengine. Mahojiano ya kukaa yanakuja baadaye, kujazia mapengo. Hatua hizi ni za makala ya dakika 10 hadi 12, ya redio au podikasti, kwa mtu anayefanya kazi peke yake. Mifano mingi ni ya soka la mchangani Dar es Salaam, maana ndiko ninakozunguka.

Hatua ya 1: Hudhuria mazoezi mara mbili, mikono mitupu

Nenda na daftari tu. Kaa na majeruhi au na anayelinda mabegi, hao ndio wanaojua kila kitu. Andika mambo matatu: kocha anasema nini kabla ya filimbi ya kwanza, nani anamwita kwa jina la utani, na ananyamaza wakati gani. La tatu watu hulipuuza. Kuna kocha mmoja ambaye timu yake ikifungwa hasemi neno kwa dakika nzima. Kwenye sauti ukimya huo unasikika vizuri sana, mradi kabla yake kuwe na kelele zake: anapiga ukelele, anapiga ukelele, kisha unabaki na viatu vikikwaruza changarawe.

Andika na saa. Mazoezi yanatangazwa saa kumi, mpira unaguswa saa kumi na moja kasoro, na kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi inaingia adhana ya magharibi. Adhana si kelele, inamwambia msikilizaji ni saa ngapi na yuko mtaa wa aina gani. Ila usimwulize kocha swali zito wakati inaendelea. Ukija kukata sentensi yake katikati, adhana nayo itaruka, na hakuna ujanja wa kuhariri utakaoficha hilo. Muziki wa baa jirani una shida hiyohiyo.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja yenye "lakini"

Sentensi hiyo imweleze kocha na jambo linalokinzana katika maisha yake. Mfano wa wazi ni Colm O'Connell. Ni bruda Mkatoliki kutoka Ireland aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Mafunzo ya riadha hakuwa nayo, lakini mikononi mwake alipita David Rudisha, aliyeshinda mita 800 Olimpiki ya London 2012 kwa rekodi ya dunia, 1:40.91. Hiyo "lakini" inazaa swali la makala nzima: alijifunzia wapi? Au Patrick Sang: Barcelona 1992 alipata medali ya fedha mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji, dhahabu hakuipata, lakini kijana aliyemlea, Eliud Kipchoge, alitwaa dhahabu ya marathoni Rio 2016 na tena Tokyo.

Kocha wako wa mtaani naye anayo yake. Wangu mmoja: kila mwaka anatengeneza timu nzuri, lakini haimalizi naye misimu miwili kwa sababu wenye hela wanakuja kuchukua vijana. Ukikosa "lakini", ulichonacho ni wasifu wa kusomwa kwenye hafla. Rudi uwanjani.

Hatua ya 3: Orodhesha sauti kabla ya maswali

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika sauti, kulia andika kazi yake. Isiyo na kazi ifute. Hivi ndivyo ilivyokuwa karatasi yangu ya mwisho: kufuli ya stoo ya mipira (kufungua makala), pampu (mipira ni minne na mmoja unavuja, hapo umaskini umeshasemwa bila mimi kuutaja), jaramba la kupiga makofi kwa pamoja, kocha akigawa vizibao huku akitaja majina, muuza mihogo akimdai kocha deni la jana.

Filimbi irekodi peke yake, ukiwa hatua kama kumi na tano mbali. Ikipulizwa karibu inapasua sauti, na sauti iliyopasuka hairekebishiki.

Hatua ya 4: Chagua wengine wa kusema, wasizidi watatu

Mchezaji wa sasa, mtu wa nyumbani kwake, na mchezaji aliyeachwa. Huyu wa tatu ndiye anayeiinua makala, kwa sababu wa sasa hawezi kukwambia kocha ana upendeleo ilhali Jumamosi anataka namba. Mwambie kocha mapema kwamba utaongea na waliotoka, na wakisema jambo baya juu yake, mpe nafasi ya kujibu kabla hujafunga kazi.

Hapa ndipo pa kuhakiki sifa pia. Mbwana Samatta alipotokea Mbagala akapitia Simba na TP Mazembe, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na timu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa, Temeke nzima ilijaa makocha waliomlea. Mimi siwabishii. Nauliza mwaka gani, timu gani, nani mwingine alikuwepo, kisha namtafuta huyo mwingine. Na leseni ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ina daraja lake na cheti chake: omba kukiona. Aliyenacho hukitoa kwa furaha.

Hatua ya 5: Maswali ya matukio

Salamu kwanza. Mkubwa mpe shikamoo yake, na mwite kocha au mwalimu, kama wachezaji wanavyomwita. Swali la falsafa liache kabisa. Uliza kilichotokea:

"Kocha, Jumamosi ulimtoa namba saba dakika ya ishirini. Alipofika benchi ulimwambia nini?"
"Mara ya mwisho kumwambia kijana humhitaji tena, ulianzaje?"
"Nauli ya kwenda mechi za mbali, nani anatoa?"

Hilo la nauli ni dogo lakini halijawahi kuniangusha. Linafungua mke, mkopo, mjumbe wa mtaa aliyeahidi, kila kitu. Mwombe ajibu kwa sentensi kamili, maana sauti yako utaikata. Akijibu "mimi mwenyewe" na swali halipo, huna kitu.

Hatua ya 6: Siku ya kurekodi

Mbandike kocha maiki ndogo ya kwenye nguo, yenye sponji ya kuzuia upepo, upande wa bega lisilopokea upepo. Niliwahi kuibana katikati ya kifua cha kocha mwenye filimbi ya kamba shingoni. Tk, tk, tk, dakika arobaini, kila anapopiga hatua. Siku hizi naomba filimbi ishikwe mkononi, na hedifoni haitoki masikioni. Kama unatumia simu, iweke katika hali ya ndege, rekodi kwa WAV (faili isiyobana sauti), na angalia kelele za juu kabisa ziishie karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha sauti cha kinasa. Ukiwa na simu ya pili, ifiche nyuma ya goli. Halafu, pale mtakapokaa kwa mahojiano, rekodi dakika moja watu wote wakiwa wamenyamaza, ya kuzibia viraka wakati wa kuhariri.

Hatua ya 7: Ruhusa

Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na timu nyingi za mchangani zina wengi wa umri huo. Kauli ya kocha kwamba "hawa ni wanangu" haitoshi. Tafuta mzazi, mweleze sauti itasikika wapi, rekodi jibu lake.

Hatua ya 8: Mpango wa dakika

Sikiliza kila kitu, andika dakika na sekunde za vipande vizuri, kisha vipange mezani kwa vikaratasi kabla ya kugusa kompyuta. Mimi husoma maneno kama 120 kwa dakika, kwa hiyo kwenye makala ya dakika 12 masimulizi yangu hayapiti maneno 480, yaani dakika nne. Nikizidisha najua nimeanza kuandika gazeti. Jina la kocha hulitaja baada ya dakika ya kwanza. Kabla yake ni kufuli, pampu, na sauti yake akimtania aliyechelewa.

Kikaratasi cha mwisho hukiacha kitupu, nikaandika tu "baada ya filimbi". Makocha husema ya moyoni wakati wanaokota koni, wakidhani kazi imeisha. Kwa hiyo kinasa sauti usikizime mpaka stoo ifungwe.